Kujiua ni Haramu, na Upweke Je?

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na Maswahaba zake.



Kuna swali ambalo katika darasa la fiqhi hujibiwa kwa neno moja. Mwalimu akiuliza hukumu ya mtu kuitoa roho yake mwenyewe, darasa zima hujibu "haramu", kisha mlango unaofuata unafunguliwa. Jibu hilo ni sahihi. Suratun Nisaa, aya ya 29, inatukataza kuziua nafsi zetu, na aya hiyo hiyo inamalizia kwa kutukumbusha kwamba Allah ni Mwenye kuturehemu. Hadithi za Mtume (s.a.w.) zimekuja na makemeo makali juu ya jambo hili. Makala hii haiji kuilegeza hukumu hiyo hata kidogo.

Ninachouliza ni kitu kingine: hukumu hii inamwajibisha nani? Tumezoea kudhani kwamba inamhusu mwenye dhiki peke yake. Yeye ndiye anayeambiwa asubiri, asikate tamaa, amche Mungu. Sisi wengine tunasimama pembeni kama mashahidi. Kwa kadiri nilivyosoma na kutafakari, naona nusu ya hukumu inatuangukia sisi tuliosimama pembeni. Ukimwambia mtu haruhusiwi kuondoka, umejitwika deni la kumsaidia abaki.

Hili ni jambo la rika letu

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya watu 700,000 hufa kila mwaka kwa kujiua, na kwamba kati ya vijana wa miaka 15 hadi 29 hii ni sababu ya tatu ya vifo. Huo ndio umri wa karibu kila anayesoma gazeti hili. Mwaka 2025 shirika hilo hilo lilitoa ripoti kuhusu upweke, likasema mtu mmoja kati ya sita duniani anasumbuliwa nao.

Mtu anaweza kusema: upweke ni wa Ulaya, ambako mzee anakaa ghorofani na paka wake. Sisi tunalala wanne chumba kimoja, tunaswali jamaa mara tano, tunakula sinia moja. Upweke unaingilia wapi?

Unaingia kwa sababu kuwa karibu na watu na kujulikana nao ni mambo mawili. Hapa chuoni tuna ndugu kutoka Rwanda, Burundi, Sudan Kusini, Komoro, Kenya na Tanzania. Yupo ambaye ada ya muhula haijafika na hajui kama itafika. Yupo anayerudia somo lile lile kwa mara ya pili, na nyumbani wanahesabu miezi ya yeye kuhitimu. Yupo aliyefiwa na mama akiwa katikati ya mitihani, akashindwa kusafiri. Huyo anasimama kwenye safu, bega kwa bega na sisi, imamu anatoa salamu kulia na kushoto, na anarudi chumbani bila mtu yeyote kujua kilichomo moyoni mwake.

Tazama hata salamu zetu. Mswahili akiulizwa "hujambo", hujibu "sijambo" kwanza, hata kama amefiwa jana. Ndiyo adabu. Lakini wazee wetu walijua kwamba jibu la kwanza si habari yenyewe, ndiyo maana hawakuishia hapo. Waliendelea: nyumbani je, watoto je, afya je, na lile jambo la juzi limefikia wapi? Habari ya kweli ilitoka kwenye swali la tatu au la nne. Sisi vijana tumebaki na "mambo" na "poa", kisha kila mtu anashika njia yake. Na sisi wanafunzi wa dini tuna neno zito zaidi la kufungia mlango. Tukiulizwa hali, tunasema "alhamdulillah". Ni neno tukufu, nalo ni wajibu wetu katika shida na raha. Ila anayelisikia asidhani kwamba ameshapewa habari za mwenzake.

Je, ni udhaifu wa imani?

Mtu akianza kusema kwamba amechoka na maisha, jibu la haraka linalomfikia ni kwamba imani yake ni dhaifu. Naomba tulipime jibu hili kwa vitabu vyetu wenyewe.

Bibi Maryam (a.s.), mwanamke aliyeteuliwa juu ya wanawake wa walimwengu, alipopatwa na uchungu wa uzazi akiwa peke yake chini ya mtende, alitamani angekuwa amekufa kabla ya siku ile na kusahaulika kabisa. Suratu Maryam imelisimulia hilo katika aya ya 23. Jibu lililomjia halikuwa karipio. Aliambiwa asihuzunike, akaonyeshwa maji ya kunywa na tende za kula. Nabii Yaqub (a.s.) alimlilia mwanawe mpaka macho yake yakawa meupe kwa huzuni, naye ni Nabii. Nani atathubutu kusema imani yao ilikuwa dhaifu?

Imamu Ghazali, mwaka 1095, akiwa mwalimu mkubwa wa Nidhamiyya kule Baghdad, alifika mahali ulimi wake ukakataa kufundisha na tumbo likakataa chakula. Ameyaeleza mwenyewe katika kitabu chake cha Al-Munqidh. Matabibu walimwambia kwamba ugonjwa umeanzia moyoni na umeshuka mwilini. Na kabla yake, Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, alikuwa ameandika kitabu juu ya afya ya mwili na afya ya nafsi pamoja, akieleza huzuni, hofu na wasiwasi kama mambo yanayohitaji matibabu. Kwa hiyo anayesema kwamba sonona ni ugonjwa wa kizungu hajafungua maktaba ya Waislamu.

Mtume (s.a.w.) naye alijua kwamba mja anaweza kuyatamani mauti. Katika hadithi ya Anas (r.a.), waliyoipokea Bukhari na Muslim, alikataza mtu kuyatamani kwa sababu ya dhara lililompata. Lakini hakuishia kwenye katazo. Akaongeza kwamba ikiwa mtu hana budi, basi amwombe Allah ambakishe maadamu uhai ni kheri kwake, na amfishe kifo kikiwa ndicho kheri kwake. Angalia malezi hayo. Hakujifanya kwamba hali hiyo haipo, wala hakumfukuza mwenye nayo. Alimpa maneno ya kusema. Sisi mara nyingi tunamnyang'anya mtu hata yale machache aliyokuwa nayo.

Mhamiaji wa Madina

Ipo hadithi katika Sahih Muslim, kitabu cha imani, ambayo haisomwi sana kwenye mimbari. Tufayl bin Amr ad-Dausi (r.a.) alihamia Madina pamoja na mtu wa kabila lake. Hali ya hewa ya Madina haikumkubali yule mtu. Akaugua, dhiki ikamzidi, akajidhuru kwa mikono yake mwenyewe mpaka akafa. Baadaye Tufayl akamwona katika ndoto akiwa katika hali njema, ila mikono yake imefunikwa. Alipomuuliza, akaambiwa kwamba Allah amemsamehe kwa sababu ya kuhama kwake kwenda kwa Mtume, ama mikono hiyo, alichokiharibu mwenyewe hakitatengenezwa. Tufayl akamsimulia Mtume (s.a.w.), na Mtume akaomba dua: akamwomba Allah aisamehe na mikono yake pia.

Imamu Nawawi ameiweka hadithi hii chini ya mlango unaoeleza kwamba anayejiua hakufuru kwa kitendo hicho. Katika kitabu hicho hicho cha Muslim imo hadithi ya Jabir bin Samura (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) aliletewa maiti ya mtu aliyejiua, naye hakumswalia. Wanazuoni wengi, wakiwemo Abu Hanifa, Malik na Shafi'i, wameifahamu kuwa ni onyo kwa walio hai, na wakasema maiti huyo huoshwa, huswaliwa na huzikwa pamoja na Waislamu.

Nikizisoma hadithi mbili hizi pamoja, naona mizani. Kwa walio hai, mlango unafungwa kwa nguvu ili asiwepo atakayedhani kwamba ni njia ya kutokea. Kwa aliyekwisha kufa, mikono inanyanyuliwa kumwombea. Sisi tunageuza mizani hiyo. Walio hai hatuwaambii chochote kwa sababu tunaona aibu kulitaja jambo lenyewe. Aliyekufa ndiye tunayemhukumu msibani, mbele ya mama yake, na kumtaja kwa moto ambao si sisi wenye funguo zake.

Na tusipite bila kuona jambo moja. Mtu yule alikuwa mhamiaji. Alikuwa mbali na kwao, mgonjwa, katika mji ambao hewa yake ilimkataa. Wangapi kati yetu wanaishi hivyo sasa hivi katika mabweni?

"Uhai ni wangu, na uamuzi ni wangu"

Wapo wanaolichukua jambo hili upande mwingine kabisa. Uholanzi na Ubelgiji ziliruhusu kisheria, tangu mwaka 2002, daktari kukatisha uhai wa mgonjwa anayeomba kwa masharti maalumu. Kanada ilifuata mwaka 2016. Hoja yao tusiidharau, kwani haikutoka kwa watu wasio na huruma. Wanasema: mtu anateseka, hatapona, akili yake ni timamu, hamdhuru yeyote. Kwa nini alazimishwe kubaki?

Muislamu atajibu kwamba uhai ni amana, na mwenye amana haruhusiwi kuiharibu. Ni jibu la kweli, lakini kwa asiyeamini haliendi mbali. Kwa hiyo tuitazame hoja kutoka ndani yake. Katika jimbo la Oregon, Marekani, ambako sheria ya namna hiyo ilianza kutumika mwaka 1997, serikali hutoa ripoti kila mwaka ikionyesha sababu ambazo wagonjwa walizitaja. Zinazotajwa zaidi ni kupoteza uwezo wa kujiamulia, kushindwa kufanya mambo yaliyowapa raha, na kupoteza heshima. Wengi hutaja pia hofu ya kuwa mzigo kwa jamaa zao. Maumivu ya mwili huja nyuma ya hayo.

Mtu anayesema "naogopa kuwa mzigo" hajaongea juu ya mwili wake. Ameongea juu yetu. Ametuangalia nyuso zetu, akapiga hesabu, akaona kwamba hatutambeba. Uamuzi wake tunauita huru, kumbe nusu yake tumeuandika sisi kwa kutokwenda kumwona.

Nililifahamu hili zaidi kwa babu yangu, Bombo. Alipatwa na saratani ya ini. Madaktari wakasema dawa kali zilizobaki haziwezi kumponya, zingemchosha tu. Akauliza kama atapata dhambi akiziacha. Sheikh wa mtaa akamweleza kwamba kuacha matibabu yasiyotarajiwa kufaa si kujiua, na kwamba wanazuoni wengi wa zamani hawakuyafanya matibabu kuwa wajibu kwa kila hali. Akamkumbusha habari ya yule mwanamke mwenye kifafa aliyechagua kusubiri apate Pepo, na Mtume (s.a.w.) akamwombea asivukwe na nguo anapoanguka. Hata Baraza la Kimataifa la Fiqhi, lilipokutana Amman mwaka 1986, liliruhusu kuondolewa mashine kwa mgonjwa ambaye ubongo wake umekufa kabisa na madaktari wameafikiana kwamba hautarejea. Kuna tofauti kati ya kuacha kuzuia kifo kilichofika na kukileta kifo kwa mkono.

Babu akarudishwa nyumbani. Muuguzi alikuwa akija na chupa ya mofini ya maji, ile ya kunywa. Hapa Uganda tuna la kujivunia katika jambo hili. Tangu Dkt. Anne Merriman alipoanzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, dawa hiyo imewafikia wagonjwa mpaka vijijini, na Uganda ilitangulia Afrika kuwaruhusu wauguzi waliosomea kazi hiyo kuiandika wenyewe. Maumivu yake yalishuka, akaweza kuswali kwa ishara na kusimulia habari za zamani.

Usiku wowote hakulala peke yake. Wajukuu tulipokezana. Siku moja alisema kwa sauti ndogo, "Nimewachosha, wanangu." Shangazi yangu, aliyekuwa akimpangusa miguu, akamjibu, "Baba, sisi nani alitubeba?" Babu akacheka mpaka akakohoa. Sikumsikia akilirudia neno hilo tena mpaka Allah alipomchukua. Mofini iliondoa maumivu. Hofu ya kuwa mzigo iliondolewa na shangazi.

Nusu ya pili ya hukumu

Mtume (s.a.w.) ametufundisha haki za Muislamu juu ya Muislamu mwenzake, na miongoni mwake ni kumtembelea akiugua na kulifuata jeneza lake akifa. Tazama sisi tunavyozigawa. Kwenye jeneza tunagombea. Kila mtu anataka bega lake lipate thawabu, mpaka wazee wanasukumwa. Kwenye mlango wa aliyejifungia chumbani siku tatu, hakuna msongamano.

Imamu Nawawi katika Minhaj, kitabu tunachokisoma sisi Mashafi'i wa Afrika Mashariki, amehesabu katika fardhi kifaya kuwaondolea Waislamu madhara, kama vile kumvisha aliye uchi na kumlisha mwenye njaa. Wakikaa wote bila mmoja kuitekeleza, wote wenye uwezo wanapata dhambi. Nauliza, na walimu wangu wanisahihishe: anayeangamia kwa kukosa mtu wa kumsikiliza ana tofauti gani na anayeangamia kwa kukosa mkate? Wote wawili wamo katika madhara ambayo jirani anaweza kuyaondoa. Kama kumswalia maiti ni fardhi kifaya, kumfikia kabla hajawa maiti haiwezi kuwa hisani tu.

Sheria za nchi nazo zimechelewa. Waingereza walituachia sheria ya jinai inayomshtaki aliyejaribu kujiua, ilhali kwao waliifuta mwaka 1961. Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu cha namna hiyo, cha 226, kinapingana na Katiba. Mtu anayeogopa polisi hatamwambia daktari ukweli.

Lakini yaliyo mikononi mwetu hayangoji bunge. Ukimwona mwenzako ameacha kula, ameacha kuja msikitini, anagawa vitu vyake au anaaga kwa namna isiyo ya kawaida, kaa naye na umuulize waziwazi: "Je, unafikiria kujiua?" Wataalamu wa afya wanasema kumuuliza hakumpandikizii fikra hiyo, bali humpa nafasi ya kupumua. Msikilize kabla hujamsomea aya. Usimwache peke yake, na mpeleke kwa mtaalamu. Hospitali za rufaa za mikoa zina vitengo vya afya ya akili, na Kampala ipo Butabika. Akikuapisha usimwambie mtu, usiapie. Siri ni amana, lakini kuhifadhi nafsi ni katika makusudio makuu matano ya Sharia, na siri haitangulizwi mbele ya roho.

Na haki isemwe: wapo waliobaki na mpendwa wao usiku na mchana, wakampeleka hospitali, wakamwombea, na bado wakampoteza. Sonona ni ugonjwa, na ugonjwa wakati mwingine humshinda mgonjwa na tabibu pia. Hao tusiwaongezee jeraha kwa kuwauliza mlikuwa wapi. Walikuwepo.

Kwako wewe unayesoma huku fikra hizo zikiwa zako mwenyewe: hujatoka katika Uislamu kwa kuumia. Maryam aliumia. Usiku huu usiubebe peke yako. Mwambie mtu mmoja, awe mwenzako wa chumbani, amiri au amira wa jumuiya, muuguzi wa zahanati ya chuo, au mama yako kwenye simu. Akikosa kukuelewa wa kwanza, mwambie wa pili. Si kweli kwamba utatuchosha. Sisi ndio wenye deni kwako.

Ee Allah, waponye wagonjwa wetu, waliwaze wapweke wetu, wasamehe waliotangulia kabla hatujawafikia, na utujaalie tubishe hodi mapema.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.